Nani Hakuja Jumapili?

Somo la leo ni refu kidogo, kwa hivyo kama uko kwa matatu soma nusu sasa, na nusu ukifika nyumbani.

Tangu wazee wa kanisa watangaze kwamba mfuko wa maendeleo umebaki na akiba, nimepokea mashauri ya kila aina. Wako wanaotaka tukodi uwanja tufanye mkutano wa injili wa siku tano. Wako wanaotaka spika mpya na skrini kubwa, kwa kuwa kanisa la ng'ambo ya barabara limeshaweka. Kwaya inataka sare. Na kila shauri linafungwa kwa maneno yale yale: "Mchungaji, tunataka kanisa likue." Amina! Hata mimi nataka. Sijui mchungaji anayefurahia kuhubiria viti vya plastiki.

Ila kabla hatujatoa hata shilingi ya hiyo akiba, nina swali moja dogo. Jumapili iliyopita, nani hakuja?

Siulizi walikuja wangapi. Hilo tunalijua. Wahudumu wa mlangoni wanahesabu vizuri, wanaume, wanawake na watoto, na namba inasomwa kwenye kikao cha wazee. Nauliza nani hakuja, kwa jina lake, na nani kati yetu alimtafuta kabla ya juma kwisha. Nimechunga kwa miaka ya kutosha kuamini kwamba kanisa lenye jibu la swali hilo litakua hata likiwa chini ya mabati yanayovuja, na kanisa lisilo na jibu litavimba tu. Na mguu ukivimba, ndugu yangu, hauendi mbali.

Tufungue Matendo ya Mitume. Mlango wa kwanza, waumini waliokusanyika ni kama 120. Mlango wa pili, siku ya Pentekoste, Petro anahubiri na watu wapatao 3,000 wanaongezeka kwa siku moja. Sisi Wapentekoste tunaipenda hesabu hiyo, tunaitaja kila tukipanga mkutano. Lakini hebu ipige kama mama anavyopiga hesabu ya unga: 3,000 ukigawa kwa 120 unapata 25. Yaani kila mmoja wa wale wa kwanza aliamka kesho yake akiwa na wachanga ishirini na watano wa kulea. Na miongoni mwa wale wapya walikuwamo wageni waliotoka mbali, watu ambao hawajui mjini wabishe mlango wa nani. Mahubiri yalichukua asubuhi moja. Kazi ilianza jioni.

Luka anatuambia kazi yenyewe katika mstari wa 42: mafundisho ya mitume, ushirika, kuumega mkate, na maombi. Hakuna hata moja hapo ambalo ungeliwekea bango barabarani. Kule chuo cha Biblia, mwalimu wetu wa Kigiriki alitukalisha karibu kipindi kizima juu ya kitenzi kimoja cha mstari huo, kile tunachotafsiri "kudumu". Akatuonyesha kwamba kitenzi hicho hicho kiko katika Marko 3:9, pale Yesu anapowaambia wanafunzi wamwekee mashua ndogo tayari, umati usije ukamsonga. Mashua ile haikufanya jambo lolote la ajabu. Kazi yake ilikuwa kuwapo, pale pale ufuoni, ili kila akigeuka aikute. Tangu siku hiyo nikisoma Matendo 2:42 huwa naiona ile mashua. Kuna washirika wa namna hiyo katika kila kanisa. Hujawahi kuwasikia wakishuhudia kwa sauti kubwa, lakini ukigeuka wako.

Songa mbele hadi mlango wa sita. Kanisa limeshatishwa na baraza, mitume wametiwa gerezani, wamechapwa viboko, na halikuyumba. Sasa linakaribia kupasuka, na sababu ni chakula. Wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki walikuwa wakirukwa kwenye mgawo wa kila siku. Sidhani kuna aliyekusudia. Inaelekea kazi ilikuwa mikononi mwa watu waliowajua wajane wa kwao tu, basi. Sisi Wakenya hapo hatuhitaji mhubiri atufafanulie. Tunajua chakula cha msaada kinavyoweza kufuata lugha.

Mitume hawakutoa mahubiri juu ya umoja. Waliwaambia ndugu wachague watu saba wenye sifa njema, na ukiyatazama majina ya wale saba, Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao, yote ni ya Kigiriki. Inaelekea sufuria ilikabidhiwa upande uliokuwa ukilalamika. Kisha soma mstari wa saba, ule unaofuata mara tu baada ya kuwekewa mikono: neno la Mungu likaenea, idadi ikaongezeka sana, hata makuhani wengi wakaamini. Luka ameviweka vitu hivyo viwili bega kwa bega. Kwanza wajane wakaonekana, kisha kanisa likakua. Kanisa lenye mitume hai na miujiza barabarani lilikaribia kukwama kwa sababu ya mama aliyerudi nyumbani na bakuli tupu, na hakuna aliyejua kwamba hakupata.

Dada mmoja aliyejiunga nasi mwaka jana ameniruhusu nisimulie yake bila kumtaja, wala kulitaja kanisa alikotoka. Alipoteza mtoto mimba ikiwa ya miezi saba. Akakaa nyumbani Jumapili kumi na moja. Hakuna aliyebisha hodi. Nikamwambia, "Pole sana dada. Labda hawakuwa na habari." Akatoa simu akanionyesha. Kila Jumamosi jioni, kwa muda wote ule, ujumbe ulikuwa umeingia wa kumkumbusha ahadi yake ya ujenzi, pamoja na namba ya kulipia. Akaniambia, "Mchungaji, namba yangu walikuwa nayo."

Sina la kuongeza hapo.

Mfano wa upande wa pili uko hapa kwetu, na si kazi yangu. Mimi niliambiwa mambo yakiwa yameshapita. Kijana mmoja wa bodaboda alikosa ibada mbili. Kikundi cha nyumbani cha sehemu yao kinaongozwa na mama anayeuza mboga sokoni, mtu ambaye hajawahi kushika kipaza sauti kanisani na wala hataki. Jumatatu alipofunga kibanda akapita kwa kijana. Akamkuta amejifungia ndani. Pikipiki ilikuwa imechukuliwa na waliomkopesha, naye alikuwa amebakisha miezi minne tu amalize kulipa. Mama hakumhubiria. Alimwuliza, "Umekula, mwanangu?" Kisha akaenda kwa jirani kuomba unga.

Kilichofuata si ushuhuda wa kupigiwa vigelegele. Kikundi chao kina nyumba tisa na hakuna tajiri hata mmoja. Hawakuweza kuikomboa pikipiki. Mmoja wao alimtafutia kibarua cha kuosha magari. Mwingine, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, alikaa naye jioni mbili wakausoma ule mkataba mstari kwa mstari, wakaenda wote wawili kuongea na waliomkopesha, wakapewa mpango mpya wa malipo. Juma la nne kijana akarudi ibadani. Mama alipomwuliza kwa nini hakusema mapema, alijibu kwamba aliona aibu kuja bila sadaka.

Hebu tafakari jibu hilo. Kijana ameokoka, anaimba nasi, anajua Neno, na bado moyoni mwake mlango wa nyumba ya Mungu una mtu wa kukata tikiti. Wako wangapi kama yeye? Skrini ya futi ishirini haitakuambia.

Na jambo hili la kuona kiti kitupu halihitaji hata utakatifu mkubwa. Soma 1 Samweli 20. Mfalme Sauli, ambaye wakati ule alikuwa anatafuta kumwua Daudi, alikaa kwenye karamu ya mwandamo wa mwezi akaona kiti cha Daudi hakina mtu. Siku ya kwanza akanyamaza. Siku ya pili akauliza kwa nini mwana wa Yese hajaja kula. Ikiwa adui alihitaji siku mbili, ndugu katika Kristo wanahitaji majuma mangapi?

Huwa nawaambia viongozi wa vikundi kwamba ule mfano wa Luka 15 unaanza na daftari. Kondoo mmoja akipotea kati ya mia, zizi halionekani pungufu kwa macho. Tisini na tisa ni kundi kubwa, wanalia, wanasukumana, vumbi linapanda. Yule mchungaji hakuweza kujua mpaka ahesabu, na kuhesabu peke yake kusingemwambia ni yupi. Alikuwa anawajua.

Sasa, mtu asije akadhani haya ni mawazo ya kanisa dogo linalojifariji. Mwaka 1742, katika mji wa Bristol huko Uingereza, watu wa John Wesley walikuwa na deni la jengo. Wakakaa kutafuta namna ya kulilipa. Mmoja akashauri kila mshirika atoe peni moja kwa juma. Akaambiwa wengi ni maskini, hawana hata hiyo peni. Akajibu, basi wekeni kumi na mmoja walio maskini kabisa chini yangu, nitawapitia kila juma, na asiyeweza kutoa nitamtolea. Wengine wakakubali kufanya vivyo hivyo. Ila wale wakusanyaji walipoanza kuingia nyumba kwa nyumba, wakakuta mambo ambayo hayaonekani kutoka mimbarini. Huyu amerudia pombe. Yule wanagombana na mkewe. Wesley akatambua kwamba hapo amepata jambo kubwa kuliko deni. Vile vikundi vya watu kama kumi na wawili, kila kimoja na kiongozi wake, vikawa uti wa mgongo wa Wamethodisti, na vikavuka bahari nao hadi Marekani.

Waliingia nyumbani mwa watu wakitafuta peni wakapata watu. Yule dada wetu alitafutwa kwa ajili ya peni tu.

Sisi wenyewe tulionja haya Machi 2020, milango ya makanisa ilipofungwa kwa sababu ya korona. Na tulipofunguliwa Julai mnakumbuka masharti: watu wasizidi mia moja, ibada isizidi saa moja, na walio chini ya miaka 13 au zaidi ya miaka 58 wabaki nyumbani. Yaani watoto na wazee, wale hasa ambao kanisa ndilo mtaa wao. Spika zilikaa kimya. Mimbari ilishika vumbi. Kilichobaki kikifanya kazi ni vikundi vya nyumbani, waliogawana majina ya wazee, kila mmoja akapigiwa simu na kuombewa kwa jina kwenye hiyo hiyo simu, hata kama dakika ni tatu na mjazo wa simu umeisha katikati ya amina. Kuna bibi mmoja alikuwa akiweka simu juu ya meza, anaita wajukuu, kisha anavaa kitambaa kichwani ndipo anasema, "Haya, sasa omba."

Lazima niseme pia kwamba kutafuta si kupeleleza. Watu wengine wanaogopa kutembelewa, na wana sababu. Wametembelewa na watu waliokuja kuhesabu viti, kuchungulia jikoni, kisha Ijumaa kwenye kesha wakasikia ombi: "Tumwombee dada fulani, sitataja jina, ila anakaa karibu na kile kinu cha kusaga unga." Hayo si maombi, ni umbea uliofumba macho. Kwa hivyo ukienda, nenda mkiwa wawili, kaa kifupi, usiulize usichoambiwa, na ulichoambiwa kibaki pale ulipokikuta. Kiongozi asiyeweza kufunga mdomo nitamwondoa kwenye kazi hiyo hata kama anaomba kwa moto kiasi gani.

Kuna mfano mwingine ambao kila Mpentekoste aliyehudhuria semina ya ukuaji wa kanisa ameusikia. Yonggi Cho wa Seoul, Korea Kusini, alianza kanisa kwenye hema mwaka 1958. Mwaka 1964, kanisa likiwa limekua, mwili wake ukagoma, akaanguka kwa uchovu. Ndipo akaona kwamba mtu mmoja hawezi kuwabeba wote. Akaligawa kanisa katika vikundi vya nyumbani, na wengi wa aliowakabidhi walikuwa wanawake, katika nchi ambayo wakati ule haikulipokea jambo hilo kwa urahisi. Kanisa lake, Yoido Full Gospel, likaja kufikisha washirika mamia ya maelfu na kutajwa kuwa kubwa kuliko yote duniani. Kwenye semina tunaishia hapo na kupiga makofi.

Mimi naendelea. Februari 2014 mahakama huko Seoul ilimpata Cho na hatia ya kulitia kanisa hasara kubwa, katika jambo la hisa za mwanawe ambazo kanisa lilizinunua kwa bei iliyozidi thamani. Akapewa kifungo kilichoahirishwa. Alifariki mwaka 2021. Waliopeleka malalamiko ni wazee wa kanisa lake mwenyewe, na hisa zile zilinunuliwa mwaka 2002. Nawaheshimu wazee wale. Lakini ona ni miaka mingapi ilipita. Kanisa lililoweza kujua mshirika wa mtaa wa mbali ameugua lilichelewa hivyo kumwuliza mchungaji wake pesa imekwenda wapi.

Ndiyo maana nasisitiza hesabu zisomwe mbele ya washirika kila robo mwaka, zote, mpaka nauli yangu, na mweka hazina asiwe jamaa yangu. Wapo wanaoona ni kukosa imani kumwuliza mtumishi wa Mungu juu ya pesa. Paulo hakuona hivyo. Soma 2 Wakorintho 8:19-21. Alipokuwa anapeleka mchango kwa ajili ya watakatifu, aliandamana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, asije mtu akapata la kulaumu. Hakutaka kuonekana safi mbele za Bwana peke yake, alitaka na wanadamu waone. Kama Paulo alihitaji shahidi, mimi ni nani?

Na tusijidanganye kwamba vijana hawaoni. Wale waliojaa barabarani Juni 2024 hawakuwa wanaliuliza bunge peke yake. Walituuliza na sisi wachungaji: zile bahasha za wanasiasa mnazopokea madhabahuni, zimetoka wapi? Novemba mwaka huo huo Askofu Mkuu wa Katoliki hapa Nairobi alikataa mamilioni ambayo rais alikuwa ameyatoa kwenye parokia moja. Mimi si Mkatoliki, lakini siku ile nilisema amina kwa sauti. Kijana ambaye hakuja Jumapili, wakati mwingine hakuja kwa sababu hiyo. Ukimtembelea uwe tayari kumsikiliza, usimkemee pepo wa uasi kabla hajamaliza sentensi.

Tabia nyingine nitaigusa taratibu, maana ni kidonda. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola kule Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, ya watu waliofuata mafundisho ya kujinyima chakula, na watoto wao. Wengi wetu tulisema, "Hao si Wapentekoste wa kweli," tukaendelea na ratiba. Mimi siwezi kupita haraka hivyo, kwa sababu wengi wa watu wale walikuwa wametoka makanisani kama yetu. Walitengwa kwanza na jamaa, na majirani, na kazi, na shule, mpaka wakafika mahali ambapo ukikosekana hakuna wa kuuliza isipokuwa yule yule aliyekupeleka. Waberoya katika Matendo 17:11 walimsikiliza Paulo kwa moyo, kisha wakarudi kwenye Maandiko kila siku kuangalia kama ni kweli, na Luka anawasifu. Kwenye kikundi cha nyumbani kila mtu aje na Biblia yake, asome kwa kinywa chake, aulize. Kama kuna mahali popote utaambiwa usiulize, chukua watoto wako uondoke siku hiyo hiyo. Hata kama aliyesema ni mimi.

Turudi mezani, kwa maana Matendo 2:46 inasema walimega mkate nyumba kwa nyumba na kula kwa furaha, na hapa Mungu ametubariki, Wakenya tunajua kula. Jumapili ya mwisho wa mwezi tumekuwa tukila pamoja baada ya ibada. Anayeweza analeta sufuria ya githeri au wali, asiyeweza analeta mikono ya kuosha vyombo. Nimeona watu waliokaa safu moja miaka mitatu bila kujuana majina wakijuana kwa kupitishiana chumvi. Jambo moja tu nimeomba kamati ya jikoni ituondolee, nayo ni ile meza ya pembeni yenye kitambaa, soda na kuku, ya "watumishi na wageni waheshimiwa". Najua kuku wa mchungaji ana historia ndefu katika nchi hii, na akina mama wananipenda, Mungu awabariki. Lakini Paulo aliwakemea Wakorintho vikali, mlango wa 11 wa waraka wa kwanza, kwa sababu kwenye meza ya Bwana mmoja alikuwa na njaa na mwenzake amelewa. Leteni huyo kuku akatwe vipande vidogo, tugawane wote, hata kama kila mtu atapata ngozi.

Basi, kuhusu ile akiba. Nimewaeleza wazee maoni yangu, na nanyi mtapata nafasi ya kusema yenu kwenye mkutano wa washirika, hakuna litakaloamuliwa gizani. Mimi ningependa tuanze na sufuria mbili kubwa, daftari kwa kila kikundi cha nyumbani, na mfuko mdogo wa nauli kwa viongozi wanaotembelea wagonjwa na waliokosa. Kinachobaki, asilimia kubwa, kikae benki. Mkutano wa injili siupingi hata kidogo, niliokoka kwenye mkutano wa namna hiyo, nimesimama kwenye matope. Ila tuufanye tukishajua nani atakaa na wale ishirini na watano.

Jumapili hii viongozi wa vikundi wabaki dakika ishirini baada ya ibada. Mama wa mboga ndiye atakayeongoza kikao, amekubali baada ya kubembelezwa sana, na amesema hataki kipaza sauti. Njooni na majina.

Na wewe ambaye hujaonekana kwa muda, na umesoma mpaka hapa, sitakuuliza ulikuwa wapi. Nitumie tu ujumbe useme tunaweza kukupata nyumbani siku gani, saa ngapi. Usipike kitu. Tutakuja na majani ya chai na sukari.

Mchungaji wenu.